Daftari la Hatari za Kaya Arobaini na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimegundua kwamba kwa miaka sita nimekuwa nikiibiwa. Kwa hiari yangu, na huku nikiimba mapambio.

Ilikuwa semina ya bima, ukumbi mdogo wa wizara, Mtumba. Mimi na kazi yangu ya siku zote: chai, vitumbua, kukusanya vikombe. Maofisa wanasinzia. Anayesikiliza ni mwenye sinia. Mtoa mada alikuwa dada mmoja mrefu, Violeth, ambaye kazi yake ni kupanga bei za bima. Kumbe bei hawazitoi hewani! Alitoa mfano wa maduka mawili yaliyopakana. Moja linauza vitenge. La pili linauza petroli kwenye chupa za maji, na mwenye nalo anavuta sigara. Mali ndani ya yote mawili ina thamani ileile. Je, walipe bima sawa? Thubutu. Unachukua uwezekano wa janga kutokea, unauzidisha kwa ukubwa wa hasara, unaongeza gharama za kuendesha ofisi, kisha unaongeza kidogo tena kwa yale usiyoyaota. Hiyo ndiyo bei. Kila mtu analipa kwa kadiri ya hatari anayokuja nayo.

Sinia nusura liniponyoke.

Hapo ikabidi nitoke kufuata chupa ya pili ya chai. Jikoni kulikuwa na foleni. Niliporudi watu walikuwa wanapiga makofi na dada anazima kompyuta. Alichomalizia sikukisikia. Si kitu, la maana nilishalipata.

Sasa twende nyumbani, Makutupora. Mimi Zablon ndiye katibu wa Tufarijiane, chama chetu cha kufa na kuzikana. Kaya arobaini na mbili. Akifa mtu, kila kaya inatoa kilekile: elfu tano, sado ya unga, mzigo wa kuni, na mwanaume mmoja mwenye jembe. Mwenyekiti ni Bartolomayo. Na katika miaka sita nyumba ya Bartolomayo imetoa misiba minne! Mama yake. Baba yake mdogo. Shangazi. Halafu babu wa mkewe, ambaye hata hakuwa mkazi wetu. Aliletwa kutoka Mpwapwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, na siku ya tisa tukazika. Siku ya tisa!

Nyumba yangu: sifuri. Nimechanga kwake mara nne, nimechimba mara nne, nimelia mara nne. Yeye kwangu hajadondosha hata chozi.

Hili halikubaliki. Nalinyoosha wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemweleza mke wangu hesabu hiyo wakati wa chakula. Gladness aliweka mwiko chini. Akauliza kama ninalalamika kwamba kwetu hajafa mtu. Nikamwambia mimi nazungumzia takwimu. Akasema nitoke nje nikateme mate na kumwomba Mungu msamaha kabla sijagusa ugali. Nikamwambia huo ni ushamba.

Nilitoka nikatema. Mara mbili.

Narudi, mama anakohoa. Mama yangu, Ruthu, ana miaka themanini na tatu, na chumba chake kiko uani kwetu. Katika maisha yangu sijawahi kuhesabu vikohozi vyake. Leo nimehesabu. Tisa. Nikamuuliza kifua kinasemaje. Akasema kifua hakisemi kitu, ni vumbi la Agosti, na kwa nini namkagua kama ng'ombe wa mnadani. Nikasema simkagui. Akakohoa tena. Kumi.

Sikumaliza ugali. Lakini jedwali nimelichora: umri, ugonjwa, kazi, ajali, jumla. Alama sifuri hadi kumi kila safu. Mwenye alama nyingi atoe mara tatu, mwenye chache atoe nusu. Mimi najua nitaangukia wapi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepiga simu kazini kuomba ruhusa. Nimesema mama anaumwa. Kwa nini nilitaja mama? Ningeweza kusema jino!

Nimepita kaya kumi na saba. Nilianzia kwa Elisha, dereva wa bodaboda, miaka ishirini na sita, mzima kama jiwe la kusagia. Kwa umri ni alama moja. Kwa kazi ni kumi. Akauliza kama akivaa kofia ngumu alama zitapungua. Nikasema zitapungua mbili. Akakimbia ndani kuileta. Ilikuwa imejaa vitunguu. Nikamwandikia kumi.

Kwa Bartolomayo sikuingia. Niliandikia barabarani, kwa kukadiria, nikiwa nimesimama nyuma ya mti wa mwarobaini. Watu kumi na wawili ndani, na nikaona bibi mgeni anaota jua kwenye kiti. Mgeni mwingine! Kumi moja kwa moja.

Kwa mzee Ernest ndiko kalamu ya bluu ilipoisha. Nilibaki na nyekundu ya kusahihishia. Mzee alikuwa shambani anachuma zabibu na mkewe, mama Penina. Shikamoo mzee, marahaba, mbukwenyi ya Kigogo, salamu zote tukamaliza vizuri. Nikamuuliza umri. Akasema alizaliwa mwaka wa nzige. Nikamuuliza kama anapata kizunguzungu. Akasema mara mojamoja, akiinama. Nikamuuliza aliinama mara ya mwisho lini, akasema sasa hivi, nilipomwita. Nikamtazama machoni kwa muda mrefu, kitaalamu, nikatikisa kichwa, nikaandika HATARI SANA.

Sikujua mama Penina yuko nyuma yangu. Yule mama anafundisha watoto wa Jumapili. Anasoma hata maandishi ya daktari. Aliona jina la mumewe, na wekundu juu yake. Alishusha tu kikapu cha zabibu chini, polepole.

Nimerudi nyumbani mapema. Mama leo amekohoa mara nne. Afadhali.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwisha.

Alfajiri mzee Ernest amepelekwa hospitali kwa bajaji. Mama Penina alimshika mkono mmoja, jirani wa pili. Gladness ndiye aliyeniletea habari, kutoka bombani, na aliniletea na habari ya pili: kijiji kizima kinasema Zablon ana daftari la watakaokufa. Anapita nyumba kwa nyumba, anakutazama machoni, anakuandika kwa wino mwekundu. Ukiandikwa asubuhi hufiki siku ya pili.

Nilimwambia ni mambo ya hisabati. Akaniuliza kwa hiyo nikawaeleze hivyo bombani?

Nilipotoka kwenda kazini Elisha alikuwa kituoni na pikipiki yake. Nilimpungia. Aliwasha akaondoka, tena bila abiria, kuelekea upande ambao hakuna kitu isipokuwa korongo. Mama mmoja aliyekaa na mtoto mlangoni alimfunika mtoto kanga usoni. Mimi ninayemfahamu mtoto huyo tangu anazaliwa!

Kazini nimevunja vikombe viwili. Kila simu ikilia nadhani ni msiba. Nimeomba kwa siri, jikoni, katikati ya mabirika: Mungu, mponye mzee Ernest, na kama huna nafasi ya kumponya, basi angalau mcheleweshe kidogo mpaka watu wasahau. Halafu nikaona sala yenyewe ni mbaya. Nikaomba upya.

Jioni nilitaka kulichoma daftari. Nimekuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Mwandiko wa Bartolomayo. Mkutano wa dharura Jumapili baada ya ibada, ajenda moja: Mwenendo wa Katibu na Uanachama Wake. Katibu afike na daftari likiwa zima.

Uanachama! Nimesoma neno hilo mara tano.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu. Watu wote wako Nzuguni wanaangalia matrekta na mbuzi wa kisasa. Mimi usiku kucha nimemwota Ambokile.

Ambokile alikuja hapa kutoka Mbeya, akajiunga na Tufarijiane, kisha akawa hatokei misibani. Kila ukimwita ana safari. Tukamfuta. Mimi mwenyewe ndiye niliyekata jina lake, kwa rula. Mwaka uliofuata akafiwa na baba mkwe, mwezi kama huu, na udongo wetu wa Agosti mnaujua. Bila mvua tangu Aprili unakuwa saruji. Kaburi moja ni wanaume wanane, asubuhi hadi saa nane, na sululu mbili hukatika mpini. Ambokile alichimba na vibarua wawili. Walimaliza siku ya pili. Marehemu akingoja. Alizikwa na watu watano, na mmoja alikuwa dereva wa gari.

Na mimi nina mama wa miaka themanini na tatu.

Nilikwenda Nzuguni kumtafuta dada wa bima, kwa sababu nilikumbuka alisema watakuwa na banda. Nilimkuta. Nikamweleza kila kitu isipokuwa wino. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku ile nilisikia mada yake yote. Nikasema karibu yote. Akasema nilikosa nusu yenye maana. Yeye hamjui atakayekufa, na hatamjua. Anachojua ni kwamba katika watu elfu kumi watakufa kiasi fulani, nani na nani ni siri ya Mungu. Wingi wa watu ndio unaomtuliza moyo. Kwa kaya arobaini na mbili, alisema, hakuna hesabu yoyote, ni kubahatisha tu, ndiyo maana wazee wenu walipanga kila mtu atoe sawa. Halafu akasema jambo la pili: ukiwapandishia bei walio dhaifu wataondoka, na ukiwaonyesha wenye nguvu kwamba wanalipa zaidi ya hatari yao wataondoka pia, na wewe utabaki na daftari.

Nikamwambia kwamba mimi binafsi niko upande salama. Akaomba alione jedwali. Akauliza kaya yangu iko wapi. Nikasema sijaijaza, muda haukutosha. Akachukua kalamu yake. Umri? Arobaini na tisa. Kazini unafikaje? Magari mawili kwenda, mawili kurudi, barabara kuu. Presha? Nikasema tangu juzi naisikia masikioni. Nyumbani kuna mzee? Nikasema yupo mama.

Alijumlisha. Akanigeuzia daftari nione.

Sisi ndio wa kwanza! Katika kaya zote nilizoandika, hakuna inayotufikia. Tumempita hata Bartolomayo na bibi yake mgeni.

Nilikaa kwenye benchi la banda la kuku mpaka wakaanza kufunga.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haraka, mikono ina malengelenge.

Sikulala tena. Wazo moja tu kichwani: wakinifuta kesho, itabidi nichimbe mwenyewe. Mtu mmoja anachimba kiasi gani kwa siku? Hilo ni swali la kitakwimu. Sikuwa na jibu. Kwa hiyo asubuhi, Gladness alipokwenda sokoni, nilichukua jembe na sululu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kujaribu.

Saa tatu nilikuwa kwenye vifundo. Saa tano, nusu ya muundi. Udongo unarudisha jembe kama unalikataa. Saa sita mpini ulipasuka nikaendelea na sululu, nalia kidogo, lakini jasho ndilo lilikuwa jingi. Nilifika magotini. Magotini tu! Urefu nilikata kwa kukadiria, upana wa mabega. Nikakaa ukingoni nikapiga hesabu. Kwa mwendo huo ni siku nne, na mimi sitafika ya tatu.

Nikainua uso. Mama amesimama na fimbo yake.

Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Akauliza shimo la nini. Nikasema la taka. Akalizunguka taratibu, upande wa kichwa, upande wa miguu. Akalipima kwa fimbo yake. Nilikuwa natamani ardhi inimeze, na hata hiyo ilikuwa ngumu kufunguka.

"Mimi ni mrefu kuliko hilo, Zablon," akasema.

Nikaanza kueleza. Nikataja Tufarijiane, nikataja Ambokile, nikataja uwezekano na ukubwa wa hasara. Maneno yalikuwa yanatoka ovyo. Nikamwambia naogopa, mama. Naogopa watatuacha peke yetu. Hapo nikalia waziwazi, mwanaume mzima, ndani ya shimo.

Mama alikohoa mara moja, akaniambia nipande nikanywe uji.

Nilipogeuka nikaona vichwa juu ya ua wa miti. Vitatu, labda vinne. Jioni Gladness amerudi kutoka sokoni uso umemshuka. Sokoni wanasema Zablon ameshachimba la mzee Ernest.

Jumapili, 10 Agosti

Ibadani hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Lote nilikuwa nalo peke yangu, na mimi ni mfupi, sikujua hata pa kuegemea. Gladness alikaa na akina mama. Mama alikaa mbele kama kawaida yake.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la watoto wa Jumapili, kwa hiyo wazee wote walikaa kwenye vijibenchi vya watoto, magoti yakiwa kidevuni, na bado walikuwa wanatisha. Bartolomayo alifungua kwa sala ndefu iliyokuwa na jina langu mara tatu. Kisha akaniamuru nisome daftari. Lote. Kwa sauti.

Nilisoma. Nani alama ngapi, nani atoe mara ngapi. Kila jina likitajwa mwenye nalo anajishika kifua. Nilipofika kwa Elisha na vitunguu vyake watu wawili walicheka, nikapata matumaini. Nilipofika kwa Bartolomayo mwenyewe, mtu yule alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua. Akasema bibi anayeota jua kwake ni mama mkwe wa kaka yake, amekuja kwa harusi ya Angelina, binti yake yeye Bartolomayo, na ni mzima kuliko mimi.

Mlango ukafunguka. Mama Penina akaingia. Nyuma yake, kwa miguu yake mwenyewe, mzee Ernest!

Kuna mama alipiga ukunga. Mimi nilikaa chini bila kukusudia. Mzee akatafuta kijibenchi, akaketi, akaeleza. Kumbe hakuanguka, wala hakuzidiwa. Baada ya kuona alivyotazamwa na katibu alipata hofu, hakulala, na alfajiri akaomba apelekwe akapimwe. Wakakuta presha iko juu sana. Wamempa dawa, amelala siku tatu, ameruhusiwa leo asubuhi. Daktari alisema angechelewa mwezi mmoja tungekuwa tunasema mengine.

Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikasimama nikasema kwa unyenyekevu kwamba sayansi imeokoa mtu. Mama Penina akaniambia nikae, nikakaa. Akaja mpaka mezani, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akauliza huu mwandiko wa bluu ni wa nani na kaya hii yenye alama nyingi kuliko zote ni ya nani.

Ningeweza kudanganya. Nililifikiria. Lakini juu yake dada wa bima alikuwa ameandika Zablon, herufi kubwa, zinasomeka vizuri.

Likawa zogo. Mmoja akasema kwa sheria yake mwenyewe atoe mara tatu. Mwingine akasema mara tano. Wa nyuma akasema afutwe tu, akazike kwenye lile shimo lake. Bartolomayo akagonga meza. Akasema kabla ya kura, mwenye neno aseme.

Mama akainuka. Ilimchukua muda kwa sababu ya kile kijibenchi.

"Tangu chama hiki kianze nimepika misiba thelathini na sita," akasema. "Sijauliza hata mmoja wenu atakufa lini. Mtoto wangu ameuliza, na ameuliza kwa sababu ni mwoga. Alikuwa mwoga tangu ananyonya. Mimi naomba jambo moja. Siku yangu ikifika, msiniache nizikwe na huyu peke yake. Jana nimeliona shimo lake. Linafika magotini."

Sikuweza kuinua uso. Nilisikia watu wanaanza kucheka, wengine wanapenga kamasi, na Bartolomayo, adui yangu, anasema kwa sauti nzito kwamba mama Ruthu aliwakorogea yeye na wadogo zake uji siku waliyomzika mama yao, na hakuna anayemfuta. Akasema tunatoa sawa kwa sababu hakuna aijuaye zamu yake, na zamu ya nyumba yake ilipofika mara nne mfululizo yeye hakuichagua. Hapo akavua miwani tena.

Hukumu: sijafutwa. Natoa mbuzi mmoja wa faini, aliwe siku ya mkutano ujao. Ukatibu nimevuliwa, amepewa mama Penina, na daftari limechukuliwa. Na kwa mwaka mzima, kila kaburi la Tufarijiane, jembe la kwanza ni langu.

Niliwashukuru wote. Nilishika mkono wa kila mtu. Nilimshika Bartolomayo kwa mikono miwili. Nimetoka mle ndani nikiwa mtu mpya kabisa, na nimeapa mbele za Mungu sitaandika tena jina la mtu yeyote kwenye jedwali.

Jumatano, 13 Agosti

Siku tatu za amani. Elisha ananibeba tena, kwa mwendo wa kinyonga, na kofia ngumu kichwani inayonuka vitunguu. Mzee Ernest amenitumia kikapu cha zabibu. Lile shimo mama amekataa lifukiwe. Nilipomuuliza kwa nini, akasema yeye ni mrefu, lakini mimi linanitosha. Nimekwenda kulitazama jioni. Ni kweli linanitosha. Sikupenda.

Nimetafakari sana kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Lilikuwa wino mwekundu. Watu hawana shida na takwimu, wana shida na rangi. Leo nimenunua kalamu tatu za bluu na daftari jipya.

Maana leo pia nimeletewa kadi ya mchango wa harusi. Angelina wa Bartolomayo anaolewa na Elisha mwezi ujao, na kamati imepanga kila kaya itoe sawa. Sawa! Ndoa ya kudumu miaka arobaini na ndoa ya kuvunjika kabla ya Krismasi, mchango uleule? Hapa hakuna mtu atakayesema naita kifo. Ni harusi, jambo la furaha. Na hizi ndoa ziko nyingi, nikikusanya za kutoka hapa hadi Mpwapwa nitafika elfu kumi, kama alivyosema dada. Umri, hasira, mama mkwe, simu kuwa na namba ya siri, jumla. Alama sifuri hadi kumi. Kesho naanza kwa Bartolomayo mwenyewe, na safari hii naingia ndani.

Nimeandika majina ya ndoa zote za mtaa wetu. Safu ya ndoa yetu nimeiacha wazi kwanza, nitaijaza nikishamaliza za wengine.

Gladness ameliona daftari. Amelisoma kurasa zote mbili, amesimama. Amechukua mto wake na blanketi kubwa, amekwenda kulala chumbani kwa mama.

Nadhani ni hii baridi ya Agosti.